Sabuni ya Mafuta ya Sangara

Siku hizi maduka ya Musoma yamejaa sabuni za kila rangi, nyingine zinanukia matunda ambayo hatujawahi kuyaona. Majirani zangu hapa Kitaji huniuliza kwa nini bado napika ya kwangu. Huwa nawajibu kwamba nimezoea, kisha nabadilisha mazungumzo, maana si kila anayeuliza anastahili kujibiwa. Kuna msichana mmoja tu wa shule ambaye haniulizi. Huja kuchukua mche wake, ananusa, anaondoka.

Miaka ile ya shida sabuni haikuwepo. Ukisikia imeletwa duka la ushirika, unapofika foleni imeshageuka ugomvi. Tulifulia majani ya mpapai, na watoto walikuwa na upele katikati ya vidole. Mimi nilikaanga samaki wa kuuza karibu na mwalo, mitumbwi inaposhushia samaki, kwa hiyo nilinuka mwaka mzima, na kanisani nilikaa benchi la nyuma kwa aibu.

Rafiki yangu alipanga chumba cha pili, nyumba ileile niliyopanga mimi. Alizaliwa Bunda, kwenye mashamba ya pamba, na alisema chochote kilichompitia kichwani. Mengi yalikuwa upuuzi. Jioni moja alikuwa amekaa kwenye kigoda, mimba yake imeshakuwa kubwa, akinitazama nikikaanga sangara.

"Huyu samaki anajikaanga mwenyewe," akasema. "Mafuta yote haya unayamwaga ya nini?"

Nikageuza kipande kingine. Akaendelea na habari za kwao, kwamba mama yake alikuwaga anachoma miti ya pamba, anachuja jivu kwa maji, anatia kwenye mboga ngumu zilainike. "Akizidishaga, ulimi unababuka. Lakini sufuria inatakata yenyewe."

Nikaacha kugeuza samaki. Mafuta, na maji yanayotakatisha sufuria. Shule yangu ilikuwa fupi, lakini mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu yakakataa kutoka. Nilipomweleza ninachowaza alicheka sana, kisha akajishika tumbo.

"Basi ipike kabla sijajifungua," akasema. "Yule wa kwanza nilimwogeshaga majani, akaondoka na vidonda vyake. Huyu nataka nimpokee na sabuni."

Yule wa kwanza tulikuwa tumemzika Buhare, hajaanza hata kutambaa.

Mama yake wa Bunda akatuma gunia la jivu kwa basi. Chungu cha kwanza kiligoma: mafuta juu, maji meusi chini. Cha pili kilinichubua mikono, naye rafiki yangu akasema hiyo nimfulie shetani. Nilikasirika, lakini sikuacha. Sijawahi kuipenda kazi yoyote kama nilivyoipenda ile. Nilianza kutazama kila kitu kwa jicho jingine, jivu la maganda ya ndizi, mafuta ya mbuzi, maji ya ziwa na maji ya mvua. Chungu cha tatu nilikitia chumvi yote iliyokuwa ndani ya nyumba, nayo chumvi ilikuwa adimu, tukala mboga chapwa. Kikashika. Nikamimina kwenye kopo, ikaganda, nikaitoa mche mmoja wa kahawia.

Rafiki yangu aliunusa. "Mtoto wangu atafuatwa na paka," akasema. Lakini aliufunga kwenye kanga pamoja na wembe na uzi, tayari kwa hospitali, na siku nzima alitembea akitabasamu.

Mtoto alitoka mzima, msichana. Mama yake alitoka damu, na damu ikakataa kukatika.

Walipourudisha mwili wake nyumbani, wanawake tulikusanyika chumbani kwake kumwosha. Shangazi wa mumewe akauliza nani ana sabuni. Tukatazamana. Mtaa mzima haikuwepo. Kanga ilikuwa pembeni, imerudi kutoka hospitali bado na fundo lake. Mtoto walikuwa wamempangusa kwa kitambaa tu. Nikaivuta kanga, nikaikumbatia.

"Hii ni ya mtoto," nilisema.

Shangazi hakunigombeza. Alikaa chini karibu nami. "Mwanangu, mtoto ana siku nyingi za kuoga," akasema. "Huyu ana leo tu."

Nilimchukia kwa maneno yale. Nikafungua fundo.

Nilimwosha mwenyewe, sikutaka mwingine aishike sabuni ile. Ilitoa povu kidogo, zaidi ya nilivyotegemea. Harufu ya samaki ikajaa chumba kizima, na wenzangu wawili wakageuza nyuso. Nikaendelea kumsugua mikono, taratibu, kidole kwa kidole, nikimngoja aseme kitu kuhusu paka.