Vitabu vya Mauaji na Msimamizi Wetu wa Stoo

Shule yangu iliishia darasa la saba, na sioni haya kulisema, kwa sababu wale niliokaa nao dawati moja wakaendelea mpaka chuo kikuu, leo wananipigia simu niwatumie friji. Guangzhou, huku Uchina, niliingia na begi moja la mgongoni na kamusi isiyo na jalada. Sasa nina ofisi yangu ghorofa ya sita, hatua chache kutoka Zhanqian Road, na wenye maduka ya nguo pale chini wakiniona wananyanyuka kunipisha kiti. Sijisifu. Nasema kilichopo.

Lakini kitu ninachojivunia kuliko ofisi, wengi hawakijui: nimesoma riwaya za upelelezi za Kiingereza, zile za zamani, arobaini na moja, kwa Kiingereza chenyewe. Nilizipata kwa dada mmoja wa kwetu aliyekuwa anamalizia shahada ya udaktari hapa. Siku anarudi nyumbani alikuwa na mfuko wa vitabu ambao ungemzidishia uzito uwanja wa ndege. Akaniambia, "Kaka, chukua wewe, utajifunzia lugha. Vyote ni mauaji tu."

Cha kwanza kilinichukua miezi minne, kitabu mkono huu, simu mkono ule natafuta maneno. Cha kumi nilikimaliza kwa wiki. Kufika cha ishirini, nikisoma nusu tu namjua muuaji. Wasomi wakinisikia wanasema nabahatisha. Mimi nimenunua suruali za jinzi kule Xintang miaka mingi. Nikishika kitambaa najua kitachuja au hakitachuja. Na vile vitabu ni kama jinzi. Fundi anakata kwa pateni moja, anabadilisha vifungo na rangi ya uzi wa mfukoni, wewe unaona suruali mpya.

Kuna jumba kubwa nje ya mji. Kuna mzee tajiri mwenye hasira, anatangaza kwamba Ijumaa atabadilisha wosia, na Alhamisi anakutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Kuna mpwa mwenye tabia za kamari, msichana mzuri asiye na kitu, daktari mpole, na mchungaji anayependa maua kuliko waumini. Hakosekani askari mstaafu mwenye sharubu aliyewahi kukaa India au huku kwetu. Kuna bibi kizee anayefuma sweta pembeni, hakuna anayemjali, naye anasikia kila kitu. Mpelelezi ana rafiki mwenye moyo safi na akili nzito, ndiye anayesimulia. Inspekta wa polisi anamkamata mtu wa kwanza anayemwona. Saa imesimama, barua imeungua nusu kwenye moto, nyayo ziko chini ya dirisha. Halafu kuna mtumishi mkuu wa nyumba, anayefungua mlango na kuleta chai. Huyo kila mtu anamshuku. Mwisho mpelelezi anawakusanya wote sebuleni, anawazungumzia mmoja mmoja mpaka mwenye kosa anainuka.

Ninachokipenda zaidi ni uungwana wa mwandishi. Hakufichi kitu. Kila ushahidi amekuonyesha mapema, ila wewe ulikuwa unatazama kwingine.

Sasa nieleze siku nilipoifanya mwenyewe kazi hiyo.

Ilikuwa mwaka jana, siku ya kupakia kontena. Tulikuwa tumelichangia watu watatu. Wa kwanza mimi, na mafriji kumi na mawili na magunia ya nguo. Mafriji yale nilikuwa nimeshayapanga tangu jana yake, kwa utaratibu nilioubuni mwenyewe: kila friji naijaza nguo laini mpaka kwenye droo za mboga, kisha naifunga kamba. Wenzangu wanasafirisha friji tupu, wanalipia hewa nauli mpaka Dar. Mimi silipii hewa.

Wa pili ni Afande, askari mstaafu wa Tabora anayepeleka pampu za maji, mwenye sharubu nyeupe na hadithi ambazo zote zinaanza na "tulipokuwa msituni". Wa tatu ni mama wa Unguja, mzoefu wa mji huu kutuzidi wote, tunamwita Bi Mkubwa. Safari hiyo alikuwa na gunia moja lililomshughulisha kuliko bidhaa zake zote: magauni hamsini ya sare, ya harusi ya binti yake.

Na stoo ina msimamizi wake, Mchina wa makamo anayeelekea uzee, tunayemwita shifu kama wenyewe wanavyomwita mtu mzima wa kazi. Miaka minane anatutunzia mizigo. Tukitaka kuongea naye tunaongea kwa simu, inatafsiri. Yeye na mkewe wanalala chumba cha juu ya stoo, na chumba hicho ni cha kazi. Siku akiachishwa kazi, jioni yake hana pa kulala.

Tulifika saa tatu asubuhi, mvua inapiga mabati hatusikilizani. Trela la kupeleka kontena bandarini Huangpu lilikuwa linakuja saa tisa. Bi Mkubwa akaenda moja kwa moja kwenye mizigo yake. Gunia la sare halipo.

Akamwonyesha shifu picha ya gunia kwenye simu. Shifu akatikisa mkono. "Meiyou." Hakuna, hajaliona. Bi Mkubwa alizunguka stoo yote, akaingia kwenye kijikona ambako shifu anachemshia maji ya chai, akatoka na gunia tupu lenye alama yake ya rangi nyekundu, limekunjwa vizuri kama shuka.

"Haya! Na hili kalikunja nani? Malaika?"

Afande akasema, "Ufunguo anao yeye peke yake."

"Ndo maana nishampigia laobani," akasema Bi Mkubwa. Laobani ni tajiri, na alimaanisha mwenye stoo. "Anakuja kabla ya trela. Huyu leo anatoka."

Mwenye stoo namjua. Aliwahi kumfukuza mlinzi wa geti kwa boksi moja la chaja lililopotea, na hakuuliza mara mbili. Nikamtazama shifu. Alikuwa anafagia maji yaliyoingia mlangoni, hajui lolote linalozungumzwa.

Nikasema, "Bi Mkubwa, subiri. Siye huyu."

"Umejuaje?"

"Kesi yake nyepesi mno. Mtumishi, ufunguo, gunia kwenye kona yake. Nimesoma vitabu arobaini na moja. Anayekutwa na ushahidi saa tatu asubuhi hajawahi kuwa ndiye."

"Hivyo vitabu vyako havikupotelewa na sare za mwanangu, kaka."

"Nipe mpaka saa saba."

Akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa cha bei rahisi. "Saa saba. Ikipita dakika moja, sitaki kusikia habari ya Waingereza."

Nikaanza kazi. Madirisha yana nondo, hazijaguswa. Kufuli zima. Nyayo zilikuwepo, lakini kwa mvua ile kila mtu alikuwa nazo. Nikamwendea Afande, nikamuuliza jana alitoka stoo saa ngapi.

"Unanihoji mimi?" akasema. "Mimi nimehoji watu wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako."

"Jibu tu, Afande."

"Wa mwisho. Nilitoka wa mwisho. Haya, andika kwenye kitabu chako."

Sikuwa na kitabu, lakini kichwani niliandika. Sharubu, msitu, wa mwisho kutoka. Tena mkewe kafungua duka la magauni Tabora, na wiki ile mara mbili nilimsikia Afande akimuuliza Bi Mkubwa sare zile kashonesha wapi. Moyo ulinienda mbio kwa furaha.

Saa saba nikawakalisha juu ya marobota, nikawamiminia chai kwenye vikombe vya plastiki, nikasimama mbele yao, mkono mmoja mfukoni. Shifu naye nikamkalisha. Nilizungumza karibu nusu saa, kwa Kiswahili, na nasema kweli, nilizungumza vizuri. Nilianza na mlango uliofungwa. Nikaeleza kwa nini siye shifu: mwizi hakunji gunia la wizi na kuliweka anapochemshia chai. Nikapita kwa Bi Mkubwa mwenyewe.

"Katika vitabu, mara nyingine anayelia kuibiwa ndiye..."

"Endelea uone," akasema.

Sikuendelea. Nikageuka taratibu, nikamnyooshea kidole Afande.

Kwanza alicheka. Halafu akaweka kikombe chini. "Bwana mdogo, nimevaa sare ya serikali miaka ishirini na saba. Leo nije Uchina niibe sare ya harusi?"

"Ulitoka wa mwisho."

"Nilitoka wa mwisho kwa sababu nilikuwa namsaidia mzee huyu kufagia! Wewe na vibarua wako mliacha takataka, mkaenda kula."

Hapo ndipo Bi Mkubwa, ambaye hajasoma riwaya hata moja maishani, aliposema, "Umemuuliza kila mtu. Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, kazini. Najaza mafriji."

"Umejaza nini?"

"Mitandio yangu. Magunia matano, yameingia yote, halikubaki hata..."

"Manne," akasema Afande.

"Matano."

"Nilikusaidia kuyashusha kwenye gari kwa mikono yangu. Manne."

Mvua ilikuwa imepungua wakati huo, kwa hiyo kila mtu alisikia vizuri. Mimi mwenyewe nilisikia vizuri kuliko wote.

Kuna jambo la kueleza. Kila mfanyabiashara hapa anaandika alama yake kwenye gunia kwa rangi, herufi mbili tatu na jina la mji. Mimi siandiki. Miaka yote nawaambia wenye maduka waniachie gunia jeupe, mzigo wangu naujua kwa kuutazama. Gunia la Bi Mkubwa lililetwa likalazwa karibu na yangu, upande wa alama ukiwa chini sakafuni. Vibarua wakalichana kwa juu, ndani vipo vifurushi vya nailoni ya kahawia, kama mitandio yangu, maana jengo tulilonunulia ni lile lile. Mimi ndiye niliyesema, "Ingiza, ingiza." Na shifu, kama kawaida yake, akaokota magunia matupu yote akayakunja, tuje tuyatumie kukinga mizigo ya vioo; picha ya Bi Mkubwa ilikuwa ya gunia lililojaa, na lililojaa kweli hakuliona. Manne meupe yalikuwa pale pale konani, chini ya lile lenye alama. Hakuna aliyeinua kutazama.

Tulikata kamba. Friji ya kwanza mitandio. Ya pili mitandio. Ya tatu Bi Mkubwa akaingiza mkono kwenye droo ya mboga, akatoa gauni la zambarau lenye ushanga kifuani. Akalining'iniza begani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini juu ya robota anafuta macho kwa mtandio wangu.

"Mpelelezi," akasema Afande, "jikamate."

Nilimwomba Afande radhi pale pale, akanikubalia kwa sharti kwamba hadithi hii ataisimulia Tabora apendavyo. Basi tungemaliza hivyo, lakini geti likafunguka, gari jeusi likaingia. Mwenye stoo amewahi.

Bi Mkubwa, aliyemwita, akanitazama mimi. Mwenye stoo akamuuliza shifu kitu kwa ukali, akionyesha lile gunia tupu. Shifu akasimama na ufagio wake, akatazama mafriji yaliyofunguliwa na magauni yaliyotapakaa, na nadhani wakati huo ndipo alipoelewa kila kitu. Angeweza kuninyooshea kidole. Alisema, "Meiyou," hakuna tatizo. Mwenye stoo hakuridhika. Akauliza tena, sauti juu.

Ningeweza kusema gunia limeonekana, basi, tuendelee. Ingeishia hapo kwangu. Mji huu wananiheshimu kwa sababu wanaamini sikosei mzigo, na heshima hiyo nimeijenga kwa magoti. Lakini kwa mwenye stoo ingebaki kwamba gunia lilipotea mikononi mwa mzee, likapatikana kwa bahati. Na safari nyingine kikipungua kitu, hata boksi la chaja, angekumbuka.

Nikatoa simu, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaongea. Yule mwanamke wa kwenye simu akarudia kwa Kichina, stoo nzima inasikia, pamoja na vibarua wa jirani waliokuja kuchungulia: gunia nilichukua mimi, nilidhani ni langu, mzigo wangu hauna alama, mzee huyu hajakosea kitu, na kosa langu ndilo lililokuita.

Mwenye stoo akanitazama. Akaenda kwenye friji, akafungua droo ya mboga, akachungulia, akafungua na ya pembeni. Akauliza kitu. Simu ikatafsiri: "Zote kumi na mbili unajaza hivi?"

"Zote," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kukubali, akamgonga shifu begani mara mbili, akapanda gari akaondoka. Nasikia sasa wateja wake wengine wote wanajaza mafriji. Hawajui utaratibu huo umetoka kwa nani, lakini mimi najua.

Shifu akaingia kwenye kona yake. Nilidhani anakwenda kukaa. Akarudi na kopo la rangi nyekundu na brashi, akanishikisha, akaonyesha magunia yangu ya jinzi yaliyobaki, meupe yote, sitini na kitu.

"Andika, baba," akasema Bi Mkubwa huku anakunja magauni yake. "Andika makubwa."

Nikapiga magoti nikaandika. Afande akakaa kitako kunisahihisha mwandiko. Trela lilipofika getini likipiga honi nilikuwa sijafika hata nusu, mkono wote mwekundu. Shifu akatazama saa, akatafuta brashi ya pili, akaanza kuandika alama yangu kutoka upande mwingine.