Ua wa Nyumbani Ndani ya Sanduku

Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema. Msumeno ndio ulionilisha, ukanitoa Tanga ukanivusha mipaka hadi huku kusini kabisa, hapa Observatory, kwenye mtaa wenye mteremko mkali hata mbao nikizitua vibaya huserereka zenyewe.

Mwaka huu alikuja mama mmoja Mkenya, mwalimu wa chuo kule Braamfontein, anayetibu watu waliolemewa na mawazo. Alitaka sanduku la kina kifupi, ndani lipakwe bluu.

"Hakoniwa," akasema. "Ni Kijapani, mzee wangu. Hako ni sanduku, niwa ni bustani."

"Kwetu watoto wanachezea mchanga bure, mwalimu. Hawahitaji daktari."

Akacheka, akanieleza. Wajapani wa zamani walipanga vilima na vimiti kwenye sinia, wapumzishe macho tu. Siku hizi mgonjwa anapewa mchanga na vitu vidogo vidogo, apange atakavyo. Akifukua, bluu ya chini inakuwa maji. Hata watu wa kompyuta wameliazima neno hilo kwa mahali pa kujaribia mambo, yakiharibika yasimwagike nje.

Sikuamini hata nusu. Lakini mbao zilibaki, nikajitengenezea la kwangu.

Nilikuwa na sababu. Mdogo wangu wa kike alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani: "Kaka, chumba chako kinaliwa na mchwa. Unarudi, au nimpe mwanangu aoe?"

Nikamfokea. Chumba kile nimekijenga kwa mikono hii. Nitarudi! Neno hilo nililianza mke wangu yu hai. Sasa hayupo, na katika chumba hiki cha kupanga, redio ndiyo inayosema, mimi nasikiliza.

Basi Jumapili moja nikaupanga ua wa nyumbani mchangani. Kibiriti kikawa chumba changu. Nikasimamisha uzio wa vijiti, nikatia lango, nikafukua kisima mpaka bluu ikatokea. Kisha nikarudi nyuma kidogo, nitazame kama fundi anavyotazama kazi yake.

Ua wa Tanga ni tambarare kama meza. Mimi nilikuwa nimeutia mteremko. Lango liko juu, na ngazi za kokoto zinashuka mpaka mlangoni, kama hapa hapa ninapoishi.

Nikausawazisha mchanga nianze upya, bluu ya kisima tu nikaiacha wazi. Kisima kilikuwa mbele ya jiko, au nyuma? Mkono ukabaki hewani. Aliyekuwa akinikumbusha mambo hayo ni mke wangu.

Nikampigia dada.

"Kisima kiko upande gani?"

"Kisima gani, kaka? Si tulikifukia zamani, nikakwambia? Ukasema vizuri, watoto wasije wakatumbukia."

Sikukumbuka kusema hivyo.

"Mpe mwanao chumba," nikamwambia.

"Kwa hiyo hurudi?"

"Mpe, nimesema. Ila mlango asiubadilishe. Ule ni mninga mtupu."

"Haya, kaka."

Tulipoagana nikachota mchanga kwa kiganja, na mimi nikakifukia kisima changu.