Babu yangu, mtafiti wa saratani

Leo nimegundua kuwa mtafiti wa saratani anayenukuliwa sana ukooni kwetu ni babu yangu.

Marehemu hakukanyaga skuli.

Nilikuwa kwa bibi, Michenzani, namwonesha makala zangu za utafiti wa saratani kwenye simu. Akavaa miwani.

"Mbona hapa pana jina la mume wangu? Makame?"

"Majarida huchukua jina la mwisho, bibi. Wenzangu wakininukuu, wanamtaja yeye. Nnataka kuwaomba walibadilishe, waweke langu."

(Kuna mwengine yaliyomkuta haya, au ni mie tu?)

Bibi akatazama dirishani, kwenye majumba marefu ya ghorofa.

"Majumba haya yalipojengwa, miaka ya sabini, alibeba zege mpaka mabega yakachubuka. Zunguka yote, utafute palipoandikwa Makame."

Akanirudishia simu.

"Hapo usiliguse."