Swichi ya Lemburis

Lemburis wa Olmotonyi alikuwa na tabia moja aliyojivunia mno: hakuna mteremko alioushuka injini ikiwa inawaka. Miaka kumi na miwili ya bodaboda, akiukaribia tu mteremko anazima swichi, pikipiki inaserereka yenyewe mpaka chini kwenye lami. Hayo ni mafuta ya bure, alikuwa akisema, na kijiweni wote walifanya hivyo hivyo.

Ndipo akachukua pikipiki ya umeme. Malipo ya kwanza alikopeshwa na kikundi cha akina mama cha mkewe, Penina, naye Penina akaweka dhamana mtamba wake mwekundu aliyepewa na baba yake. Mtamba mwenyewe ana mimba. Sasa fikiria presha ya huyo mama pikipiki ilipoanza kuishiwa chaji kila jioni pale pale, kwenye mlima wa mwisho, abiria wakimalizia kwa miguu huku wakimsema mumewe. Wateja wakamkimbia. Marejesho mawili yakampita, na mwenyekiti wa kikundi, Mama Nasieku, akatuma ujumbe: Ijumaa anakuja kumchukua mtamba.

Ijumaa asubuhi Lemburis akateremka mjini kwa waliomuuzia, amefura kwa hasira, akawaambia betri yao ni mbovu. Fundi wao, dada mmoja anaitwa Zamda, akaipima akaikuta nzima. Hakubishana naye. Alipanda nyuma, akamwambia watafute mlima, aendeshe kama siku zote. Wakapanda vizuri. Walipoanza kushuka, Lemburis akafanya yake, akazima swichi.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nabana matumizi."

Zamda alicheka mpaka machozi. Kisha akamweleza kwamba hii ukishuka nayo ikiwa imewaka, mota inafua umeme na kuurudisha kwenye betri. Safari tano za kushuka kila siku, na umeme wote huo bwana mkubwa alikuwa anaukataa kwa kidole chake mwenyewe! Lemburis aliona aibu, lakini moyoni alipata nafuu, maana ujinga unatibika.

Kutwa nzima alishuka swichi ikiwa imewaka. Jioni abiria wa mwisho akawa Mama Nasieku mwenyewe, kamba ya ng'ombe mkononi. Lemburis akamwamkia, akampakia. Njiani alimsimulia yote, hata ujinga wake hakuuficha, huku roho iko juu na jicho liko kwenye chaji. Mlima wa mwisho ukafika. Pikipiki ikapanda, ikapanda, ikaingia mpaka uani.

Penina alikuwa ameshamtoa mtamba zizini, amesimama naye, macho mekundu.

Mama Nasieku alishuka taratibu. Akaitazama pikipiki, akamtazama mtamba, akaikunja kamba yake na kuitia kikapuni.

"Mrudishe ng'ombe wako," alisema. "Kama imenipandisha mimi na huu mwili, marejesho yatapatikana."

Penina akamkumbatia mtamba shingoni, akaangua kilio.

"Mama," alisema, "nilikuwa nimeshamuaga."