Sufuria moja, bei mbili: baba yangu alivyokataa kukaa meza ya special

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachosimulia ni kweli tupu. Anayebisha, akipita Lusahunga ashuke ale kwanza, kisha abishe ameshiba.

Nina kibanda cha chakula kando ya barabara ya Rusumo. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Mwanzoni niliuza ndizi na maharage kwa bei moja, na kila mtu alikuwa na lake: mara chumvi imezidi, mara nzi.

Nikachoka. Nikabandika karatasi ukutani: KAWAIDA elfu mbili, SPECIAL elfu nne.

Sufuria ni ileile, wakuu. Special inapakuliwa kwenye sahani ya udongo badala ya plastiki, na meza yake ina kitambaa. Basi.

Weee! Watu walibadilika.

Dereva aliyekuwa ananiita "we mama", akilipia special ananiita "madam". Anakaa wima, anafuta mdomo kwa tishu, anaagiza kwa sauti ili kibanda kizima kisikie. Mmoja aliniomba niwasogeze mbali watu wa kawaida, eti wanatafuna kwa kelele. Jana yake alikuwa kwenye benchi la kawaida anatafuna nao.

Nilicheka mpaka basi. Biashara ikanoga.

Siku moja akaja baba kutoka Murusagamba. Ni mkulima, na maharage ninayopika ni ya shamba lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamvuta kwenye meza ya kitambaa. Akasoma karatasi, akagoma.

"Hapo ni pa wakubwa. Mimi nipe ya kawaida."

"Baba, wewe unakula bure."

"Hata kama. Nikae pale na matope haya?"

Nilitaka kumwambia ukweli, lakini meza ya special ilikuwa na wateja, na wote wana masikio. Roho iliniuma, ila nikampakulia kwenye sahani ya plastiki.

Akala kwenye benchi, akasifia: "Kama ya kawaida ni tamu hivi, hiyo ya wakubwa ikoje?"

Wiki iliyofuata likaja gunia la maharage kutoka kwa baba, na simu yake juu.

"Hayo nimeyachambua mwenyewe, mazima matupu. Wapikie wale wa special. Yaliyotobolewa na wadudu tumebaki nayo sisi huku, yanatutosha."

Nililia jikoni. Wateja wakadhani ni moshi.

Nilichojifunza: ukimpangia mtu bei, umempangia na pa kukaa, na atapakubali hata kwenye kibanda cha mwanawe.

Karatasi bado iko ukutani, maana ada za watoto zinatoka hapo. Baba anakuja tena wiki ijayo.

Nyie mngemwambia? Semeni tu, hata wa kunitukana karibuni.