Ndege Kwanza, Uji Baadaye

Kwetu Mchombe, mpunga ukianza kukomaa tunahamia shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasiumalize. Anayeamia hali kitu mpaka kundi la kwanza la kweleakwelea lifukuzwe. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomlea binti yangu wa pekee.

Msimu ule alikuwa na miaka kumi na moja. Nilimpandisha kwenye dungu, lile jukwaa la miti, nikampa debe la kupiga. Jua halijachomoza vizuri, ameshakaa chini, kope zimemlegea, sauti imekata. Ndege wakatua. Nikamwita mvivu mbele ya majirani. Wakacheka, nami nikacheka nao. Siku ya tatu nilimnyima uji hadi mchana ili ajifunze. Alipojaribu kushuka miguu ikakataa, akaanguka kwenye maji ya jaruba la mpunga. Nilipomwinua hakunitambua.

Hospitalini Ifakara walimtundikia dripu ya sukari, akazinduka. Vipimo vikapelekwa mbali, tukasubiri miezi. Siku ya majibu, daktari, binti mdogo tu, aliniamkia kwa heshima, akavuta kiti karibu.

"Mama, mashine ya kukoboa unaijua?"

"Naijua."

"Injini ikikosa nguvu, hata umwage magunia mangapi, mchele hautoki. Sasa, kila seli ya mwili ina injini ndogo ndogo, zinaitwa mitokondria. Ndizo zinazogeuza chakula kuwa nguvu. Za mwanao ni dhaifu, ndiyo maana misuli inachoka, kope zinaanguka. Asikae na njaa mama, hata asubuhi moja."

Nikauliza dawa. Akasema za kumsaidia kidogo zipo, ya kumponya hakuna. Nikauliza ameutoa wapi ugonjwa huu, na nilikuwa nimeshajiandaa kuwalaumu wa ukweni, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa ugonjwa wake huu, mtoto hurithi kwa mama," alisema taratibu. "Lakini wewe hujafanya kosa."

Nilitamani kumzaba kibao. Yeye hakuwepo kwenye dungu. Hakumwona mwanangu akiutazama uji niliouficha nyuma ya mgongo wangu.

Sasa ana miaka kumi na mitatu na hatembei. Uji anaupata kabla hata sijanawa uso, na kila kijiko namwomba Mungu kiwe na faida. Sioni faida. Kila mwezi kuna kitu alichokiweza mwezi uliopita ambacho hakiwezi tena, nami sina pa kukimbilia.

Msimu huu tumehamia shambani tena, maana lazima tule. Alfajiri ananiomba nimweke mlangoni mwa kibanda, naye aamie. Siwezi kumkatalia. Anavuta pumzi, anapiga kelele, na sauti inaishia kizingitini. Mbele yetu kweleakwelea wametanda kwenye jaruba zima, wanakula. Yeye hawaoni, kope zimeshajifunga.

"Mama, wameruka?"

"Wameruka, mwanangu. Wote."