Maua kwenye Sinki

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, wenzake humwita Pilipili, na asubuhi hiyo aliwasha kweli. Alirudi kutoka likizo akakuta watoto wanatapika na kuharisha, kitanda kwa kitanda. Kisha akaliona sinki la mlangoni: limejazwa maua ya plastiki, na juu yake imetundikwa chupa ya spiriti ya kupaka mikononi.

Akamfuata meneja wa hospitali ofisini, akamkokota hadi pale.

"Wageni wameyapenda, dada," meneja alijitetea. "Na spiriti si inaua virusi?"

"Inaua vile vyenye utando wa mafuta kwa nje! Hiki kirusi kinachowaharisha watoto hakina mafuta hata chembe. Kimejivika ganda gumu la protini, vipande kwa vipande vimeshikana kama mpira ulioshonwa. Ndani kimeficha maagizo ya kujizalisha, na ganda hilohilo ndilo linalong'ang'ania utumbo wa mtoto. Spiriti yako kinaiona manyunyu tu! Dawa yake ni kukisugua kwa sabuni kiende na maji."

"Basi yaishe, dada yangu."

"Yaishe?" Alizoa maua akayabwaga sakafuni, akafungulia maji, akamshika meneja mikono na kumsugua kidole kwa kidole, kama mtoto aliyetoka kuchezea tope.

"Sasa nenda kitanda cha mwisho ukamweleze yule mama," alisema, sauti imeshuka ghafla. "Mwanawe hajiwezi kwa kutapika. Alimleta hapa amevunjika mguu tu."